Pezi la Sponji

Nilicheka. Naanza na hilo kwa sababu nitawakasirikia wengine hapa mbele, na si haki nijifiche.

Nilikuwa nimeketi jikoni kwangu, mtaa wa Koekelberg hapa Brussels, ghorofa ya pili. Binti wa ghorofa ya nne alikuwa amefungua kompyuta yake mezani, kati ya thermos ya chai na soksi nilizokuwa nakunja. Ni Mbelgiji, mwanafunzi wa filamu, mpole, wa kubisha mlango kwa kidole kimoja. Alinionyesha filamu ya zamani, ya nyeusi na nyeupe. Mjusi mkubwa, mzima, amebandikwa pembe puani na pezi mgongoni, anatembea kati ya vimti vya karatasi, na sisi watazamaji tuamini kwamba ni dinosaria. Wanaume wenye kofia walikuwa wanakimbia huku wakipiga kelele. Mjusi akapanua kinywa, ikatoka sauti ya simba. Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa soksi.

Akanieleza kwamba enzi hizo kutengeneza mdoli wa dinosaria ilikuwa kazi ndefu, basi wengine waliona afadhali wachukue mijusi na mamba wachanga, wawapambe, wawapige picha kwa karibu sana hadi waonekane wakubwa kama nyumba. Yeye alitaka kutengeneza filamu fupi ya kuwaenzi mafundi hao, kwa mbinu zao zilezile. Na alikuwa amesikia kwamba chini, kwa mzee tunayemwita papa, kuna iguana, mjusi mkubwa wa kufugwa.

Papa ni mzee wa Uvira, kwetu Kongo, ila mimi niliondoka huko nikiwa msichana na yeye akiwa tayari baba wa watu. Mkewe amefariki, watoto wake wako Kanada, wanapiga simu Jumapili. Iguana huyo alimwokota karibu na mapipa ya takataka, ndani ya boksi, aliachwa na mpangaji aliyehama. Mamans, akina mama wa kanisani, waliacha kumtembelea kwa ajili hiyo. Mmoja alisimama mlangoni, Biblia kifuani, akamuuliza, "Papa, hiki kitu si bulozi kweli?" Papa akamjibu kwamba kama ni mchawi, basi ni mchawi wa kula mchicha tu. Alimwita "mwenzangu". Asubuhi hadi jioni alizungumza naye Kiswahili, akimlisha matembele kwa mkono, na mnyama alikuwa akigeuza kichwa kila anaposikia fimbo yake kwenye korido. Katika nyumba ile hapakuwa na mwingine wa kugeuza kichwa.

Wakati huo papa alikuwa amelazwa hospitali kwa upasuaji wa nyonga. Alinipa ufunguo akiwa tayari amevaa koti. "Maman, uniangalilie huyu mwenzangu. Kitu kimoja tu: baridi, hapana. Hata kidogo, hapana."

Sasa kosa langu, ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Kwetu kitu cha jirani kilichoachwa mikononi mwako hakikai bure. Tukiwa na matanga, viti na masufuria makubwa vinatoka nyumba hii kwenda ile, hapahapa Brussels, na hakuna anayempigia simu mwenye navyo. Kumuuliza ni kumtusi, kana kwamba ni bahili. Basi binti aliponiomba iguana, sikumpigia papa. Nilimtoa mnyama wake na blanketi lake kwa siku moja, kama mtu anavyotoa viti sita.

Siku hiyo nilimaliza kazi yangu ya usafi karibu na Schuman saa sita mchana. Badala ya kurudi nyumbani nilikwenda stesheni ya Gare du Nord, kwa kuwa binti na wenzake wawili walikuwa wanapiga picha kwenye ghala la zamani nyuma ya yale maghorofa ya ofisi. Niseme kweli, nilikuwa najisikia. Nilibeba hata maandazi ya kuwagawia.

Niliingia kwa mlango wa chuma. Nikaona meza ndefu ya mchanga, mlima wa plasta unaofuka moshi, minazi midogo, taa kali. Iguana simwoni. Nikauliza yuko wapi. Binti akasema anapumzika, akaonyesha boksi la bluu chini ya meza, lile la kubebea juisi baridi watu wakienda kuota jua bustanini.

Nilifungua. Alikuwa amelazwa juu ya taulo, na chini ya taulo barafu. Macho nusu yamefumba. Kutoka shingoni hadi mkiani walikuwa wamembandika pezi la sponji, limepakwa rangi nyekundu. Nilimgusa, alikuwa baridi kama bomba la maji.

Wakanieleza, wote watatu kwa pamoja, kwa adabu. Chini ya taa alikuwa anakimbia sana. Dinosaria lazima atembee kwa uzito. Na barafu ingemtuliza, ni dakika ishirini tu, mnyama wa aina hii haumii. Mmoja alitamka neno "heshima". Heshima kwa mafundi wa zamani!

Kifaransa changu kiliniishia pale pale. "Muko na akili kweli? Huyu iko na mwenyewe! Iko na muntu anamungojea!" Hawakuelewa hata neno moja, na sikujali. Nilimtoa, nikamtia ndani ya koti langu, tumboni. Binti alikuwa analia. Akasema, "Lakini madame, wewe ulicheka."

Mpaka leo neno hilo linanichoma, na mpaka leo linaniudhi. Ndiyo, nilicheka. Ndivyo filamu zile zilivyotengenezwa, ili mtu acheke au aogope asiulize. Na mimi nilikuwa na kila sababu ya kuuliza. Uvira kenge walikuwa wanakuja uani kwetu kuiba mayai. Siku moja tulimbana mmoja kwenye kona ya ukuta. Alivimbisha koo, akapanua kinywa, akachapa mkia, nasi watoto tukapiga kelele kwamba ni mkali. Mama akatuambia tuondoke njiani, mnyama anataka kupita. Nilikuwa najua, basi. Yule mwenye pembe za gundi hakuwa akiigiza. Alikuwa anaomba apishwe, watu wakampigia picha ombi lake, wakalibandika sauti ya simba. Na hata hao mafundi hatujui walimfanya nini baada ya taa kuzimwa. Jina lake halimo kwenye orodha ya waigizaji.

Daktari wa mifugo aliling'oa pezi kwa mafuta, kidogo kidogo. Ngozi ilitoka nalo, kipande cha ukubwa wa kiganja. Siku sita hakula. Mimi niliyekuwa nikimrushia majani kwa mbali nilikaa naye sakafuni karibu na hita, nikimkatia matembele membamba, nikimsemesha Kiswahili cha papa. Siku ya saba alilamba jani.

Papa aliporudi na magongo yake nilimweleza yote kabla hajaketi. Alipitisha kidole pembeni mwa kovu, taratibu, mara mbili. Kisha akaomba aione hiyo filamu. Binti alikuwa amenitumia vile vipande walivyopiga kabla sijafika, pamoja na barua ndefu ya kuomba msamaha ambayo sikuijibu.

Nikafungua simu. Mngurumo wa simba, walikwisha kuubandika, ukajaa chumbani, iguana halisi akaruka juu ya sofa.

"Uzime kelele," papa akasema.

Nikazima. Bila sauti alibaki mjusi mdogo kwenye mchanga, kinywa wazi. Papa aliangalia kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akanigusa mkono.

"Unaona? Banamugeuza huku, banamugeuza kule, lakini kichwa inarudia upande moya. Kuko nini kule?"

Nilijua kuna nini. "Mlango, papa."

"Bon. Ilikuwa inangojea muntu yake." Akanirudishia simu. "Miye nilikuwa ku hôpital. Siku ile, muntu yake ulikuwa weye."

Saa ile nilikuwa kwenye metro, maandazi mapajani, ninafurahi.