Nilisema Damu ya Mwanangu Ni Safi

Ndugu zangu, msimtafute mwingine wa kumlaumu. Kosa ni langu, mimi mama mtu!

Tunaishi Nangwa, tunalima mahindi na mbaazi. Binti yangu, nimwite Paskalina, alikuwa darasa la pili alipoanza kuamka amevimba macho. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nesi wa zahanati akaupima, akaniambia, "Mama, kuna damu humu. Mpeleke hospitali ya Katesh leo leo, watoe damu mkononi, waone kama figo zinachuja. Usikae!"

Nilimpeleka. Jamani, nilimpeleka! Lakini alipoona sindano alining'ang'ania shingoni. "Mama, wakataze!" Mtu wa maabara akasema nimshike kwa nguvu. Nikashindwa. Nikamwambia natoka nje kumbembeleza mtoto, kumbe ndiyo tunaondoka.

Nyumbani mume wangu akauliza, "Wamesemaje?"

Niliona aibu kusema nimeshindwa kumshika mtoto. Nikajibu, "Damu ni safi."

Alifurahi mpaka akachinja kuku! Tangu hapo, Paskalina akivimba, baba yake anasema, "Si alipimwa? Ni baridi tu hii." Bibi yake alitaka arudishwe hospitali. Nikamwambia, "Mama, walishapima." Akarudi jikoni.

Baada ya mavuno akaanza kutapika. Mkojo ukakata. Siku moja akaanguka darasani kwa degedege. Tukamkimbiza Katesh, na safari hii walipomtoa damu hakulia. Hakuwa na nguvu ya kulia!

Majibu yalipotoka daktari akatuuliza, "Figo zimeharibika kabisa. Mbona mmechelewa?"

Mume wangu akajibu bila wasiwasi, "Huyu alipimwa, daktari. Damu ilikuwa safi. Muulize mama yake."

Wote wakanigeukia. Nikasema ukweli palepale, mtoto akisikia. Mume wangu hakunitukana. Alichukua kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa kitanda.

Paskalina alifariki tukisubiri gari la kumpeleka hospitali ya rufaa.

Bado tunaishi nyumba moja. Nikimwambia ng'ombe wamekunywa maji, anatoka kwenda kuangalia mwenyewe.

Mama mwenzangu, mtoto akiamka amevimba uso, mkojo ukibadilika rangi, mpeleke akapimwe damu. Atalia, mshike. Na ukishindwa, rudi nyumbani useme umeshindwa! Baba yake Paskalina angemshika.