Omena Wenye Matumbo Makubwa

Miaka ya themanini kazi yangu ilikuwa kupasua samaki katika maabara ndogo mjini Kisumu. Kila mwezi nililetewa omena, dagaa wa ziwani, nikawafungua kwa wembe mmoja mmoja na kuandika nilichokuta ndani. Wakati wa kiangazi hakukuwa na mengi ya kuandika. Masika yakiisha ndipo minyoo walipojaa: mnyoo mweupe, bapa kama utepe, amejikunja tumboni mwa samaki mdogo kuliko kidole, na ukimnyoosha anampita samaki mwenyewe kwa urefu. Tumbo lililofura hivyo halikuwa na yai hata moja. Mnyoo alishika nafasi yote.

Samaki hao waliacha kuogopa. Mchana kweupe walipanda juu ya maji, wakaogelea polepole mbele ya ndege yangeyange, utadhani wameitwa.

Mama mkwe wangu aliwachota kwa karai ufukweni, karibu na kwake. Miaka minne ya ndoa sikuwa nimeshika mimba, na yeye, Mungu amlaze pema, hakuwahi kunisema vibaya. Alinichambulia wenye matumbo makubwa, akawakaanga, akakaa mbele yangu mpaka nimalize.

“Kula, nyathina, mtoto wangu. Hizi ziko na mayai mingi. Na wewe utapata.”

Nilikula. Nilijua mnyoo akishakaangwa hana madhara. Lakini nilijiona mwongo, maana kumwambia ukweli kungekuwa kumnyang'anya tumaini, na tumaini lake ndilo lililoniweka katika nyumba ile.

Mwaka wa tano, mwishoni mwa masika, nilikosa hedhi miezi mitatu mfululizo. Tumbo likaanza kuonekana. Mama mkwe hakubanduka kwangu; kila tulipoketi, mkono wake ulikuwa tumboni mwangu. Siku moja akaniwekea karai la omena wabichi, na wembe juu yake.

“Si hii ndio kazi yako? Pasua moja, nione hiyo mayai imetusaidia.”

Nilikosa kisingizio. Nikapasua. Utepe mweupe ukateleza nje, ukajivuta juu ya ubao, mzima kabisa.

“Mayai iko wapi?”

“Hakuna, Mama. Hawa wenye matumbo makubwa hawana.”

“Na hii ndio imejaza tumbo yote?”

“Ndiyo, Mama.”

Aliutazama ukijikunja na kujikunjua. Kisha, taratibu, akaondoa mkono wake tumboni mwangu, akaufuta kwenye leso.