Chumba Kisicho na Dirisha

Mume wangu alikuwa akivua pete ya ndoa kabla ya kupanda juu ya paa. Alinipa mimi, nami niliifunga kwenye ncha ya kanga. Watu waliotuona mara ya kwanza walicheka, na wengine waliuliza kama tumegombana. Yeye hakuwahi kucheka. Alikuwa fundi wa ishara za reli pale Gulwe kwa miaka mingi, na aliwahi kumwona mwenzake ambaye pete yake iligusa vichwa viwili vya betri kwa mpigo mmoja. Kidole kiliungua mpaka mfupa kabla mtu hajajua afanye nini.

Walipoanza kupunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kwanza iliyobandikwa ukutani. Tukahamia Nkuhungu, pembezoni mwa mji, ambako wakati huo kulikuwa na nyumba chache na mashamba ya uwele katikati yake. Ilikuwa miaka ambayo maduka yalianza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Mtu wa kijijini aliyepata msimu mzuri wa alizeti aliweza kununua televisheni mjini na kurudi nayo juu ya lori. Umeme wenyewe haukumfuata huko kijijini. Basi mfanyabiashara mmoja wa mjini akaanza kuleta paneli za sola, na kila aliyenunua alielekezwa kwa mume wangu.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Alijaribu wanaume wawili, akasema hawasikilizi. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi, kushika kamba aliyojifunga kiunoni, na kumrushia blanketi. Lilikuwa blanketi zito la kijivu alilolitandaza juu ya paneli kabla ya kuunga waya wowote, kwa sababu paneli ikishaonja mwanga tayari ina umeme, iwe umeiunga au hujaiunga. "Jua halina swichi," alikuwa akisema. Pembeni ya ngazi tuliweka debe la maji safi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kunywa. Lilikuwa la kunawia, maji makali ya betri yakimrukia mtu. Kwenye vijiji vyetu vya ukame, debe zima la maji lililokaa tu bila kazi lilionekana kama dharau. Nilishaulizwa mara nyingi na akina mama kama naweza kuwamiminia kidogo, na nilikataa mara zote.

Siku moja tulipelekwa kwa mzee mmoja wa biashara, kijiji kimoja kabla ya kufika Kongwa. Alinunua karanga na alizeti kutoka kwa wakulima na kuziuza mjini, na alikuwa na duka na mashine ya kusaga. Nyumba yake ilikuwa mpya, ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati. Mke wake alitupokea uani. Alikuwa Mgogo wa pale pale, amenizidi miaka michache, na Kiswahili chake alikitoa taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mbukwa," alinisalimu, kisha akacheka nilipomwitikia kwa lafudhi yangu mbaya. Aliniambia binti yao anapata kipaimara Jumapili ile, askofu anakuja, na mume wake anataka wageni wote waone televisheni.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, ingawa upepo haukutulia. Ule upepo wa kiangazi unaobeba vumbi jekundu ulikuwa unaingia chini ya bati na kulipigapiga. Mume wangu hakufunga paneli kwa waya wa kufungia kama wengine walivyofanya. Alitafuta kenchi, zile mbao zinazobeba bati, moja baada ya nyingine kwa kugonga, akatoboa, akakaza boliti, akaziba matundu kwa lami. Paneli nne. Alishuka jioni uso wote mwekundu kwa vumbi, macho tu ndiyo yanaonekana.

Asubuhi ya pili alimuuliza mzee, "Betri zitakaa wapi?"

"Humu," mzee akasema, akatoa ufunguo shingoni.

Niliingia nyuma yao. Kulikuwa na stoo ndogo iliyofunguliwa kutokea chumbani kwao. Haikuwa na dirisha, na mzee alituambia kwa fahari kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza mwashi asiweke, maana wezi huanzia dirishani. Ndani kulikuwa na magunia ya karanga, sanduku la chuma, na pipa la mafuta ya taa lenye bomba dogo. Mlango ulifunga vizuri sana. Chini yake palipigiliwa kipande cha gunia kuzuia vumbi. Nilisimama mle ndani kwa muda mfupi tu, lakini nakumbuka nilivyotaka kutoka. Hewa ilikuwa imekaa. Hata sauti ya upepo iliishia mlangoni.

"Humu haiwezekani, mzee," mume wangu akasema.

"Kwa nini?"

"Betri ikichajiwa inatoa hewa. Huioni, wala hainuki. Inapanda, inakaa pale juu kwenye dari. Isipopata pa kutokea, inasubiri moto."

"Moto gani? Mimi sivuti sigara."

"Cheche yoyote ile. Hata ya spana ikiteleza. Na hili pipa hapa..." Akaligonga kwa kidole, likatoa sauti nzito ya kitu kilichojaa. "Nijengee kibanda nje, ukutani pale. Matofali hayo hayo, matundu juu na chini, mlango wa wavu na kufuli. Siku mbili tu."

"Siku mbili ni Jumapili, fundi. Na betri nikiziweka nje nitaamka nikute hazipo."

Walianza kupandisha sauti. Mimi nikatoka, nikaenda jikoni kwa mke wake.

Alikuwa anatwanga karanga za kuungia mlenda. Akaacha kutwanga, akasikiliza. Maneno yalikuwa yanatufikia nusu nusu.

"Wanagombana nini?" akaniuliza.

"Mambo ya mafundi tu, mama."

Akanitazama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mchi. "Kuna kitu kibaya?"

"Hapana," nikasema. "Wataelewana."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Mume wangu alikuwa amenionya nisiingie kati ya mteja na mke wake, maana tulishafukuzwa nyumba moja kwa sababu hiyo. Lakini hiyo ndiyo sababu niliyoitumia kujifariji baadaye. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkasirikia mume wangu. Nilitamani, kwa mara moja tu, afanye anavyoambiwa, tumalize, turudi nyumbani. Nilimwona mkaidi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, yale ya hewa na ya dari na ya cheche, na nikayanyamazia kwa hasira ambayo haikumhusu yule mama hata kidogo.

Mume wangu alikataa kazi. Alipanda tena, akafunika paneli, akazikata zisikutane na nyaya za chini, akafunga ncha kwa utepe, akashuka na fyuzi mfukoni. "Ukijenga kibanda niite, nitakuja siku hiyo hiyo," alimwambia mzee.

"Usijisumbue," mzee akamjibu. "Pale mnadani kuna fundi wa redio. Yeye haogopi hewa."

Kabla ya kupanda lori la kurudi, mume wangu alipita kwa mwenyekiti wa kijiji, akamweleza kila kitu, akamwomba azungumze na mzee. Mimi nilimsubiri barabarani na vifaa. Nyumba ile ilikuwa inaonekana kutokea pale, paneli zake nne zimefunikwa, na yule mama amesimama uani akinipungia mkono.

Habari zilitufikia kabla ya wiki kwisha. Sola ya mzee inawaka. Televisheni inaonyesha. Askofu mwenyewe ameiona. Madereva wa malori walitusimulia huku wakimtazama mume wangu kwa huruma, na wateja wawili waliokuwa wamekwisha kutuahidi kazi wakaenda kwa fundi wa redio. Alifunga sola tatu, nne, katika muda ambao sisi tungefunga moja. Mume wangu hakumsema vibaya. Ila kila tuliposikia sola mpya imefungwa mahali aliuliza swali moja: "Betri ameweka wapi?" Hakuna aliyejua. Hakuna aliyeona haja ya kujua.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Nilipata safari ya kwenda Gulwe kumtazama mama mkwe aliyekuwa mgonjwa, na basi letu likasimama kwenye kijiji kile kile, mbele ya duka la mzee. Utingo alishuka kubadilisha tairi. Tulikaa muda wa kutosha abiria kushuka, kununua miwa, kula na kutema makapi. Mimi sikushuka. Nilimwona yule mama akitoka uani na beseni kichwani, akasimama kuangalia basi, akanitambua. Alicheka, akaniita kwa mkono. Nikamwonyesha tairi, kana kwamba tunaondoka sasa hivi. Nyuma yake paneli zilikuwa wazi juani, zinameta. Nilijua kwamba kwa jua lile, saa ile, betri zilikuwa zimeshajaa na zinachemka mle gizani huku mlango umefungwa. Nilikuwa naona aibu ya kuanza kumweleza kitu ambacho mara ya kwanza nilimwambia hakipo. Basi likaondoka.

Haukupita mwezi. Polisi wawili walikuja Nkuhungu mchana na mdogo wake yule mzee, wakamchukua mume wangu, maana ndiye aliyefunga zile paneli. Mdogo wake mzee alinitazama pale mlangoni, akasema, "Mmemuua shemeji yangu."

Hakuwa amekufa. Mume wangu alishikiliwa siku mbili, mpaka mwenyekiti wa kijiji alipokuja kueleza kwamba fundi huyu alikataa, na alimwambia yeye kwa mdomo wake. Mwenyekiti alikiri pia kwamba hakulifikisha neno lile. Aliona ni ugomvi wa malipo. Hapo ndipo tuliposikia kilichotokea. Saa za alasiri mteja alikuja dukani kutaka mafuta ya taa, mzee akampa mke wake ufunguo. Stoo haikuwa na taa, kwa sababu fundi wa redio aliweka taa kwenye vyumba ambavyo wageni wangeviona. Mama aliwasha kibatari, akafungua mlango, akaingia nacho. Waliokuwa nje walisema kilichosikika hakikuwa kishindo kikubwa sana. Kilikuwa kama mlango uliopigwa na upepo. Betri mbili zilipasuka na maji yake yakamrukia usoni. Pipa halikushika moto, na hakuna anayejua kwa nini. Nyumba nzima ilikuwa na nusu ndoo ya maji. Walipoyamaliza, mtu mmoja akampaka mafuta ya kula machoni akidhani anamsaidia.

Nilikwenda kumwona hospitali ya mkoa. Mume wangu alitaka tuende pamoja nikakataa. Nilimkuta amekaa kitandani, upande mmoja wa uso umefungwa bandeji. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda. Nilimpa pole. Akanigeuzia jicho lililobaki.

"Siku ile jikoni," akasema, "ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Mimi ni mwanamke wa kushika ngazi tu, nani angenibishia?

"Nilijua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyekuwa akihesabu jambo na sasa hesabu imetimia. "Mume wangu angekataa hata ningemwambia," akasema. "Angeziweka mle mle. Lakini mimi nisingeingia na kibatari."

Nilikaa mpaka kengele ya kutoa wageni ikalia.

Mzee alimwita mume wangu mwanzoni mwa mvua. Hakuomba radhi, wala mume wangu hakungoja aombwe. Tulijenga kibanda ukutani kwa siku mbili, kama ilivyosemwa, matundu juu na chini, mlango wa wavu. Yule mama alikuja kusimama karibu na ngazi. Hakunisalimu kwa Kigogo. Aliuliza, nami nikamweleza kila kitu kwa sauti, mbele ya mume wake: blanketi ni la nini, fyuzi inakaa wapi, hewa inatoka wapi na kwenda wapi, debe la maji linasubiri nini. Aliniuliza mara mbili yale ambayo hakuyaelewa, nami nikarudia mara mbili. Kisha akanyoosha mkono, akamtaka mzee ufunguo wa kibanda. Mzee akampa.

Mchana alituletea ugali na mlenda, akauweka chini, akarudi ndani. Tulikula wenyewe.

Tangu siku ile, kila nyumba tuliyoingia, nilimtafuta mama mwenye nyumba kwanza, hata kabla mume wangu hajafungua ngazi. Wengine walinisikiliza, wengine walinishangaa. Lakini nyumba za fundi wa redio zilikuwa zimeshakuwa nyingi, zimetawanyika mpaka vijiji ambavyo hata majina yake hatukuyajua, na yeye mwenyewe alikuwa amehama mnada ule bila kumwambia mtu anakokwenda. Tukiwa njiani juu ya lori, jua likizama na taa zikianza kuwaka moja moja huko mbali tambarare, mume wangu alikuwa akizitazama. Nami nilizitazama.