Kijiji cha Vifuniko

Mzee niliyemtunza katika makao ya wazee kule mjini New Hope alizaliwa kijijini, juu kwenye milima ya Alpi, na utambarare wa jimbo la Minnesota ulimkera. Asubuhi moja trekta lilisukuma theluji ya maegesho yetu ya magari, ikawa kilima kilichonipita urefu. Mzee akanishika mkono, akakionyesha kilima kwa fimbo yake. "Twende nyumbani!"

Nilibeba vifuniko vya chupa za dawa viwe nyumba za kijiji chake, nikavipanga chini ya kilima, palipo sawa. Mzee akanitishia fimbo. "Wewe! Hapo ni pa nyasi za ng'ombe. Watu hujenga mwambani!" Nilicheka hadi nikakaa kwenye theluji, maana hata kwetu Taita bibi angenichapa kwa kosa hilohilo: bondeni ni kwa mahindi, nyumba hukaa mlimani.

Tulipomaliza kuvihamishia juu, trekta likarudi na theluji nyingine. Tukaruka kando. Puu! Kijiji kikafukiwa. Nilidhani mzee atalia, kumbe amerusha kofia hewani.

"Ndivyo ilivyokuwa! Theluji ilipokifukia kijiji, babu zetu walihamia upande wa pili wa mlima. Umebakiwa na nyumba ngapi?"

"Mbili," nikasema, nikitoa mfukoni vifuniko vilivyosalia.

"Wao walianza na moja!" akasema, akaanza kupanda kilima kwa upande wa pili.