Breki za Pikapu ya Tangawizi

Mwaka ule tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada ulionuka gunia. Watoto waliukataa mpaka njaa ikawatia adabu. Serikali nayo ilikuwa imelegeza kamba, watu binafsi wakaanza kuingiza magari, na huku kwetu Mamba, juu milimani, pikapu moja kuukuu ikawa inapanda kununua tangawizi.

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wa kwanza alimpoteza njiani, tukimshusha kwa machela. Safari hii nilitaka afike hospitali ya Same mapema, amekaa kwenye kiti kama mtu. Nilimwomba dereva, akakubali papo hapo.

Dereva huyo alikuwa mtu wa kuja, amezoea kuendesha kwenye mashamba ya mkonge, huko tambarare. Alijaribu breki uwanjani mbele ya kanisa, gari tupu. Likasimama.

"Umeona, mama? Breki kali kama mama mkwe."

"Hapo hata toroli linasimama," nikamwambia. Mimi niliishia darasa la pili, lakini nimeshusha tangawizi kwa kichwa tangu sijaota matiti. Kupanda kunataka pumzi, kushuka kunataka goti, na goti hulijui mpaka ubebe. "Lipeleke mteremkoni na magunia yake, vuta breki ya mkono, ushuke. Sipandi, na mwanangu hapandi, mpaka lisimame peke yake."

Wanaume wakaangua kicheko. Mdogo wa mume wangu akasema, "Gari bila dereva! Shemeji, yanga yote umeimaliza wewe?"

Dereva hakucheka. Alipakia, akalipeleka, akavuta breki, akashuka. Likatulia kidogo kama ng'ombe anayesikiliza. Kisha likaondoka, lenyewe, taratibu, halafu mbio, mpaka likajibamiza kwenye ukingo. Tangawizi ilitapakaa barabara nzima. Mlango wa upande ambao mwanangu angekaa ulikunjika.

Namshukuru yule dereva mpaka leo. Angeweza kunitukana. Alivua kofia, akashuka kwa miguu kutafuta fundi. Na yule aliyekuwa tumboni sasa ni injinia ughaibuni, anapima magari yanayojiendesha. Ananiambia hayaachiwi barabara mpaka yajaribiwe kwenye mvua, gizani na milimani. Najidai naye, kwa nini nisijidai? Mungu alinipa.

Siku ya tatu baada ya gari kujibamiza, fundi alimaliza breki. Uchungu nao ulikuwa umeanza, mwanangu kashika ukuta, jasho linamtiririka. Dereva akafungua mlango uliofungwa kwa kamba.

"Mama, fundi kahakikisha. Pandeni, tunachelewa."

"Shemeji, panda bwana! Utatuulia mtoto!" akadakia mdogo wa mume wangu.

 Nikanyoosha kidole kwenye mteremko.

"Sipandi, na mwanangu hapandi, mpaka lisimame peke yake."