Tii Niliyoizika Chini ya Baraza

Sisi wa Ujiji ziwa tunaliona kila siku ya Mungu, na bado bomba likikauka tunabaki kutazamana. Jambo hilo limenikera tangu nilipojua kushika spana. Kwa hiyo siku imamu wetu aliposema, baada ya sala ya alasiri, kwamba ni aibu msikiti kumwaga maji ya udhu shimoni mara tano kwa siku huku jirani yetu akihangaika na ndoo, mimi fundi bomba ndiye niliyetangulia kuunga mkono. Nilisema kwa sauti kubwa, maana ndogo sina.

Jirani mwenyewe ni mama wa makamo, Mkristo, aliyekuja kutoka Burundi akiwa binti, akaolewa hapa na akafiwa na mume hapa. Bustani yake inapakana na ukuta wa nyuma wa msikiti. Analima mchicha, anauza sokoni, na hana kazi nyingine. Kiangazi kile wenzake wengi walikuwa wameacha matuta yakauke. Yeye hakuacha, wala hakuna aliyejiuliza alikuwa akimwagilia maji gani.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Maji ya udhu yangepita kwanza kwenye wavu wa kunasa magamba, maana nusu ya waumini wetu hutoka mwaloni kupakua samaki, na magamba ya migebuka yamewaganda miguuni. Kisha yangechujwa kwenye pipa la changarawe, mkaa na mchanga, ndipo yaingie kwenye simtanki upande wa mama.

"Maji yaliyokwisha kutawadhiwa hayafai kutawadhia tena," imamu alitueleza, "lakini yenyewe ni safi. Mchicha hauna neno nayo." Kisha akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye uliyejenga. Hayachanganyiki na ya chooni, sivyo?"

"Hayachanganyiki, shehe," nikasema.

Nilisema uongo. Nimekaa ndani ya msikiti, nimetoka kusali sasa hivi, na nikaongopa bila hata kukohoa.

Ukweli ni kwamba miaka kadhaa nyuma, tulipokuwa tunajenga vyoo, zilibaki siku mbili Ramadhani iingie na mabomba yakanipungukia. Vyoo vya haja ndogo vilihitaji njia yao. Nikachukua tii, kile kipande cha kuunganishia mabomba matatu, nikayaingiza maji ya vyoo kwenye njia ya udhu chini ya baraza, nikamwaga saruji juu yake. Nikajiambia kwamba yote yanakwenda shimo moja, na shimo halisali. Watu wakanisifu kwa kumaliza mapema, nami sifa nazipenda kuliko pilau.

Usiku sikupata taabu ya kulala, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupanga. Ningevunja baraza kidogo, niseme natafuta panapovuja, nitenganishe njia mbili zile na kuziba. Asubuhi nikazunguka nyuma ya ukuta kupima umbali. Nikamkuta mama ameinama kwenye mfereji. Shimo letu lilikuwa limejaa na kufurika, na yeye alikuwa akichota kwa kopo na kumwagia tuta moja baada ya jingine. Mchicha ulikuwa umesimama vizuri, majani mapana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Wiki ya tatu sasa nachota kwa kuiba," akasema akicheka. "Jana shehe wenu kaniruhusu, basi nachota mchana kweupe. Haya magamba ni mbolea, ego, ndiyo! Kesho nakata wa kwanza, napeleka sokoni."

Kesho! Mchicha ule ulikuwa umenyweshwa maji ya vyoo. Mji wetu unakijua kipindupindu na hauhitaji kufundishwa. Nikaondoka, nikauzunguka msikiti mara mbili nikitafuta wa kumlaumu. Nilimkasirikia aliyepaswa kuniletea mabomba miaka ile, nikalikasirikia shimo, nikamkasirikia hata mama kwa kutosubiri. Kila nikizunguka nilirudi kwangu. Mficha uchi hazai, na mimi wangu niliufunika kwa saruji.

Adhuhuri, imamu alipotoa salamu, nikasimama kabla watu hawajaanza kutoka. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri.

"Jana nilisema uongo humu ndani," nikasema. Nikaeleza habari ya tii, habari ya baraza, na mchicha unaokatwa kesho.

Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ingekuwa nafuu. Imamu akasema, "Baraza tutalivunja pamoja. Kwa mama utakwenda mwenyewe."

Nilikwenda, nikamweleza kama nilivyowaeleza wenzangu. Yeye aliuliza neno moja tu.

"Wote?"

"Wote, mama. Haufai kuliwa."

Akaipindua ndoo akaikalia. "Imana yanje," akasema kwa lugha ya kwao, akimwita Mungu wake, machozi yakamtoka. Nimewahi kupigwa katika maisha yangu, na kupigwa hakukuniuma vile. Baadaye akajifuta kwa ncha ya kitenge, akanyoosha kidole.

"Jembe lile pale. Mimi siwezi kuung'oa kwa mkono wangu."

Nikaung'oa, tuta kwa tuta, nikauchimbia shimo nikaufukia, na waliopita njiani waliona. Siku iliyofuata tulilivunja baraza. Nikaikata ile tii, nikaziba, nikalaza bomba jipya la vyoo peke yake mpaka kwenye shimo jipya, na njia ya udhu nikaielekeza kwenye pipa la mchujo na simtanki. Ili nisiaminiwe kwa mdomo tena, nikamwita mama na kamati ya msikiti, nikamwaga bluu ya kufulia kwenye vyoo vyote, tukafungua mabomba ya udhu, tukasimama kwenye pipa, pale maji yanapoingia kabla ya kuchujwa, tukingoja. Maji yakaja meupe. Mama akasema nirudie. Nikarudia mara tatu, mpaka mwenyewe akachota kwa kiganja, akayatazama, akatikisa kichwa kukubali.

Mchicha mpya ulimea vizuri kuliko ule wa kwanza. Tabu ilikuwa sokoni. Habari zilikuwa zimefika kabla yake, na mchicha wake ulikwisha kupewa jina: mchicha wa chooni. Watu walimsalimia kwa adabu zote, wakanunua kwa mwenzake wa jirani. Jioni alirudi na mafungu yaleyale, yamenyauka. Siku ya tatu ya hali hiyo akanitumia ujumbe nimfuate sokoni baada ya adhuhuri, na nisile kwanza.

Nilimkuta amewasha jiko kando ya meza yake. Mchicha unachemka kwenye mawese na nyanya chungu, ugali uko tayari.

"Kaa hapo," akasema, kisha akapaza sauti mpaka wauza dagaa wakageuka. "Huyu ndiye fundi! Njooni mwulizeni!"

Wakaja, na wakaniuliza kweli. Nikaeleza upya mbele ya watu wanaonijua tangu utoto: tii, uongo, bluu ya kufulia. Wengine walicheka, mmoja akaniuliza kama nyumbani kwake pia nilizika kitu. Masikio yaliniwaka moto. Mama akaniwekea sahani mapajani.

"Kula sasa, wakuone."

Nilikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Yaliondoka mafungu mawili tu. Nilidhani nimemaliza deni langu, nikainuka kunawa.

"Kesho urudi na njaa yako," mama akasema. "Wengine leo hawakukuona."

Nilirudi kesho yake na kesho kutwa. Nilikula mchicha ule hadharani kila adhuhuri nikitoka msikitini, na kila siku nilijibu maswali yaleyale, mpaka siku moja nikafika nikakuta jiko halijawashwa na meza iko tupu.

"Leo ukale kwako, fundi," akaniambia, akikung'uta gunia. "Umekwisha wote."