Nilivyompeleka mshenga kwenye baa ya sherry kukutana na baba mkwe

Heshima zenu wakuu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Stockholm na sijaongeza chumvi.

Nina mchumba Mswidi, Elin. Baba yake, mzee Göran, anaishi mbali na hakuwahi kuniona hata kwa picha. Elin akaniambia, baba anakuja mjini, anataka mkanywe sherry, halafu atasema kama anakubali ndoa au la.

(Sherry ni wine ya Spain, kali kidogo, inanywewa kwenye vigilasi kama vya dawa ya kikohozi.)

Sasa mimi nimelelewa Morogoro. Kijana hajiposei mwenyewe. Nikamchukua Baba Divine, Mrundi wa mtaa wa Hjulsta, dereva wa basi, rika la baba yangu, awe mshenga.

Kwenye treni akanipa sheria: "Weye unyamaze. Ni mimi nitaongea."

Baa yenyewe old school kweli. Mapipa meusi ukutani, mapaja ya nguruwe yananing'inia darini, hakuna muziki, watu wananong'ona kama wako kanisani. Baba Divine kavaa suti ya harusi yake. Mimi nimembebea koti.

Mzee Göran akampa yeye mkono. Mimi akanitikisia kichwa tu. Nilipaswa kushtuka hapo.

Baba Divine akaanza kwa Kiswidi chake kizito: "Tumempenda binti yako. Tumekuja kumwomba."

Mzee akaweka glasi chini. "Una miaka mingapi?"

"Sitini na mbili. Wajukuu zangu wote wanampenda Elin."

"Na mke?"

"Yupo. Ndiye kanipigia pasi hii suti."

Wakuu, mzee alibadilika rangi. Akamaliza sherry yake kwa mkupuo mmoja, akanywa na ya kwangu. Nikaona ndoa inazama hivi hivi. Nikavunja sheria.

"Samahani baba. Mwoaji ni mimi."

Akanigeukia. "Wewe? Huna mke?"

"Sina."

"Wala wajukuu?"

"Wala mtoto."

Mswidi huyo akanikumbatia mbele za watu, machozi yanamlenga. "Mchukue," akasema, akaagiza chupa nzima. Kazi, dini, kwetu wapi, hakuuliza hata kimoja.

Baba Divine anatangaza Hjulsta nzima kwamba ufasaha wake ndio uliomlainisha mzungu.

Nilichojifunza: ukienda ukweni ughaibuni usikose mshenga, na awe mzee mwenye mke. Ukisimama pembeni yake, unaonekana zawadi.

Mlioposa huku nje, nyie mlipeleka nani? Tiririkeni.